Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Bei

Wazee wetu walinena kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Maneno haya twayatumia kila siku katika mambo ya harusi, ya shule na ya siasa, hata tumekaribia kusahau kwamba asili yake ni ya baharini. Leo napenda kuyarejesha kwao. Nataka tuzungumze, msomaji wangu, juu ya vyombo vyenyewe: mtumbwi, hori, ngalawa, dau, mashua na jahazi, na juu ya swali linalomkabili kila kijana wa mwambao anayetaka kula jasho lake baharini. Swali lenyewe ni hili: ninunue chombo gani?

Aliyenitia hamu ya kuandika ni mpwa wangu. Alinijia hapa Lamu usiku mmoja baada ya sala ya Isha, akaketi barazani, akatoa bahasha mfukoni. Ndani yake mlikuwa na akiba ya miaka minne ya ubaharia katika vyombo vya watu.

"Mjomba," akaniambia, "nimechoka kugawiwa fungu. Nataka chombo changu."

Nikamuuliza ni chombo gani alichokikusudia. Akajibu upesi, kama mtu aliyelala na jibu kinywani: boti ya faiba na mashine ya nguvu arobaini. Fedha alizokuwa nazo hazikufika nusu ya bei. Nusu iliyobaki angekopeshwa na tajiri mmoja wa samaki, naye angelipa deni kwa kumuuzia tajiri huyo peke yake kila atakachokivua, kwa bei aitakayo tajiri.

Sikumjibu usiku ule. Asubuhi nilimchukua hadi kwa mzee mmoja wa ukoo wetu, fundi wa vyombo ambaye macho yake yamepungua nuru lakini vidole vyake vingali vikiujua mti. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, wewe umeanza na bei. Bei ni swali la nne. Hujaniambia utavua maji gani, utachukua nini, na nani atakuwa nawe."

MASWALI MATATU

Swali la kwanza ni la maji. Watu wa bara wakitazama bahari huona kitu kimoja, buluu tupu hadi upeo wa macho. Sisi twajua kwamba kuna maji ya mikokoni, ambako hata pondo hugusa tope. Kuna maji ya ndani ya mwamba, ambako wimbi huja limekwisha kuvunjika. Na kuna maji ya nje, ambako hakuna cha kulivunja wimbi ila chombo chako. Tena maji hayo hayo hubadilika. Hapa kwetu bamvua likijaa na kupwa, tofauti hufikia kiasi cha mita 3, na Mlango wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, uliopitika asubuhi huweza kukuzuia adhuhuri. Nao upepo una nyakati zake. Kaskazi ya Disemba hadi Machi ina upole wake, lakini kusi ikishika kati ya mwaka, hata manahodha wakongwe huvuta vyombo vyao pwani na kuvitia mafuta.

Swali la pili ni la shehena. Mwenye mishipi na kapu la chambo hana haja sawa na mwenye jarife, wala mwenye jarife hana haja sawa na mwenye kuchukua mawe, mchanga au abiria.

Swali la tatu ni la watu. Kuna chombo cha mtu mmoja na kafi lake, na kuna chombo ambacho bila ya mabaharia watano hakitweki tanga. Kijana asiye na ndugu wa kumshika mkono, akinunua chombo kikubwa, atakuwa amenunua gati la kunguru kutulia.

Basi tuvitazame vyombo kimoja kimoja kwa mizani ya maswali hayo.

MTUMBWI NA HORI

Mtumbwi ndio mama wa vyombo vyote. Ni gogo moja lililochongwa kwa tezo na kufukuliwa ndani. Ukale wake si wa kubahatisha: yule Myunani asiyejulikana jina, aliyeandika habari za biashara ya pwani hii katika karne ya kwanza ya Miladi, aliwataja watu waliovua kwa vyombo vya gogo moja na vyombo vya kushonwa. Ni karibu miaka 2,000 sasa, na asubuhi hii ukisimama pwani utauona mtumbwi ukipita.

Aghalabu huchongwa kwa mwembe, kwa kuwa mwembe ni mnene, hupatikana karibu na nyumba na haumchoshi fundi. Msufi ni mwepesi zaidi kuchonga lakini huoza mapema. Urefu wa mtumbwi wa kawaida ni futi 12 hadi 20 hivi. Huendeshwa kwa kafi au pondo, na hauhitaji maji mengi: palipo na maji ya magoti, mtumbwi wapita.

Hori ni ndugu yake, nayo huinuka ncha za mbele na nyuma. Kazi yake ni ya kuvukia, ya kutegea madema karibu na ufuo, na ya kuwapeleka mabaharia pwani kutoka chombo kilichotia nanga.

Sifa ya viwili hivi ni kwamba mtu mmoja aweza kuvimiliki na kuviendesha bila ya kumwomba mtu, na havina deni la petroli. Aibu yao ni moja, lakini ni kubwa: vina tumbo la mviringo na ubavu mfupi. Wimbi la ubavuni likivipata, hupinduka.

Nina sababu ya kulisema neno hili kwa mkazo. Kaka yangu mkubwa alikuwa mvuvi wa mtumbwi, tena hodari. Mwaka mmoja mwanzoni mwa kusi, samaki walipoadimika maji ya ndani, alipita mlango wa mwamba akatoka nje, kwa kuwa alikuwa na watoto na nyumbani hapakuwa na kitu. Mtumbwi tuliuona siku ya tatu, umejipindua, mzima, hauna hata ufa. Yeye hatukumwona. Tulimsalia sala ya ghaibu. Watu walisema ni kadari, nasi tukaitikia, kwani ndivyo ilivyo. Lakini marehemu baba yangu, walipokwisha kuondoka watu wa matanga, aliniambia neno ambalo halijanitoka: "Kadari ni ya Mungu. Ila mtumbwi ule ulikuwa wa maji ya ndani, na mimi nilijua."

Kwa hiyo mtumbwi ni chombo chema kabisa kwa mtu wa mikokoni na wa ndani ya mwamba. Anayeutoa nje anauonea, na anajionea mwenyewe.

NGALAWA

Ngalawa ni mtumbwi uliofunzwa kusafiri. Gogo ni lile lile, pengine jembamba zaidi, lakini limelazwa miti miwili ya kukingama, na mwisho wa kila mti pana ubao ugusao maji. Mbao hizo ndizo matengo. Chombo kikilala upande mmoja kwa upepo, tengo la upande ule husukumwa juu na maji, nacho husimama. Kwa hila hiyo gogo lisiloweza kubeba tanga likabeba tanga, na kwa wepesi wake ngalawa hukata maji kama mkasi.

Wataalamu wengi huona kwamba ufundi huu wa matengo asili yake ni watu wa visiwa vya mashariki ya mbali, wale wale waliofika Bukini zamani, nao ukaenea Ngazija na pwani yetu. Hata leo ngalawa ina kwao. Utaikuta kwa wingi Unguja, Pemba na Mafia, na katika Kenya utaikuta pwani ya kusini, Gazi, Shimoni na Vanga. Huku Lamu ni nadra, na sababu yake si ujinga wa watu wa Lamu. Njia zetu ni za mikokoni, nyembamba, na chombo chenye mikono miwili iliyonyooshwa hupata taabu humo kama mtu aliyebeba ngazi katika vichochoro vya Langoni.

Ngalawa yamfaa mvuvi wa mshipi au wa nyavu ndogo, mwenye mwenzake mmoja au wawili, anayekwenda miambani asubuhi na kurudi alasiri. Haifai kwa shehena, maana tumbo lake ni jembamba. Nayo kamba za kufungia miti yake zataka kukaguliwa kila siku ya Mungu. Tengo likikatika nje, ngalawa hurudi kuwa mtumbwi, tena mtumbwi wenye tanga.

DAU NA MASHUA

Hapa twatoka katika vyombo vya kuchonga na kuingia katika vyombo vya kuunda, yaani vya mbao zilizopigwa juu ya mkuku na mataruma.

Dau lina ncha mbele na nyuma. Dau la mwao ndilo lililokuwa punda wa visiwa vya Lamu, likichukua mawe, chokaa na miti ya mikoko. Jamaa yake wa zamani alikuwa mtepe wa Wabajuni, ulioshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari na kutweka tanga la mkeka. Mtepe umekwisha, umebaki mfano wa kutazamwa majumba ya makumbusho.

Mashua, kinyume cha dau, nyuma imekatwa. Watu hudhani kwamba hiyo ni tofauti ya sura tu. Sivyo. Tezi iliyokatwa huongeza nafasi ya mizigo na ya watu, na zaidi ya hayo, leo ndipo mahali pa kufungia mashine. Mwenye mashua aweza kuanza na tanga, na Mungu akimfungulia akatia mashine baadaye bila ya kubadili chombo. Mwenye dau la ncha mbili hawezi kwa wepesi huo.

Mashua ya Lamu hujulikana kwa omo wake uliosimama wima na kwa ubao wa kulinganisha, ambao mabaharia huutoa upande wa upepo na kuukalia ili chombo kisilale. Ukitaka kujua maana ya kuaminiana, tazama mashindano ya mashua: mtu ameketi nje ya chombo, juu ya ubao, na uhai wake uko katika mkono wa aliyeshika demani.

Mashua ya futi 18 hadi 25 yatosha watu watatu au wanne na jarife lao. Yaweza kutoka nje ya mwamba katika kaskazi, na hata kusi ikilegea. Lakini hailingani na mtumbwi kwa gharama ya kuitunza. Yataka kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta ikashindiliwa baina ya mbao. Yataka kupandishwa, ikachomwa tumbo kwa makuti makavu ili wafe wadudu walao mbao, kisha ikapakwa deheni au dawa za siku hizi. Asiyekuwa na nafasi ya kazi hiyo ataiona mashua yake ikizama bandarini, hali ya bahari ni shwari.

JAHAZI

Jahazi sitalizungumza sana, maana anayelitaka aghalabu si mtu wa kuniuliza mimi. Ni chombo cha futi 40 hadi 60, cha nahodha na mabaharia, cha shehena na safari. Zamani ilikuwa njia ya utajiri, mikoko yetu ilipopelekwa Arabuni kwa korija. Serikali ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982, majahazi mengi yalipoteza kazi. Yaliyobaki huchukua mchanga, mawe, saruji na watalii. Mafundi wa Matondoni wangali wakijua kuliunda, lakini miti ya kuundia imekuwa ghali na ya kutafutwa mbali.

Uhaba huo wa miti ndio uliowafanya mafundi wa Lamu wajaribu jambo ambalo babu zetu wangelicheka. Mwaka 2018 walishusha majini Flipflopi, chombo cha futi 30 hivi kilichoundwa kwa taka za plastiki na kupambwa kwa vipande vya ndara zilizookotwa pwani, na mwanzo wa 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Sisemi kwamba ukinunue. Nasema kwamba ufundi ni ule ule, na kwamba hata plastiki ilipokuja ilibidi ipitie kwenye mkono wa fundi wa dau.

FAIBA NA MASHINE

Sasa turudi kwa mpwa wangu na boti yake ya faiba. Mimi si adui wa mambo mapya. Boti ya faiba haioi, haitaki kalafati, na mashine humrudisha mtu kwa watoto wake upepo usipokuwepo. Kuna wakati uhai wa mgonjwa wa Kizingitini au Kiwayu umetegemea mashine hiyo, na hakuna aliyeulizia tanga.

Tena kuna sababu nyingine inayowasukuma vijana. Tangu bandari mpya kujengwa upande wa Ghuba ya Manda, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, wavuvi wa vyombo vidogo wamelalamika kwamba maji yao ya zamani yamechimbwa na kufungwa, nao hulazimika kwenda mbali zaidi. Malalamiko yao hayakuwa ya hewani: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Basi mtu aliyezoea kuvua kwa mtumbwi mbele ya mji wake, leo aambiwa aende nje, na mtumbwi haukuchongwa kwa nje. Hili ndilo linaloniondolea usingizi, maana ndilo lililomchukua kaka yangu: si ushujaa wala upumbavu, bali samaki kuhama na chombo kubaki kile kile.

Lakini sikiliza hesabu ya mzee fundi. Kwa desturi yetu pato la bahari hugawiwa mafungu: mabaharia wana lao, nyavu zina lao, na chombo kina lake. "Tanga," alisema mzee, "halidai kabla ya kutoka. Mashine hudai asubuhi, samaki wakipatikana au wasipatikane. Na tajiri aliyekukopesha atakuwa fungu la nne. Wewe utakuwa la tano."

Mpwa wangu alinyamaza. Alikuwa amechoka kugawiwa fungu katika chombo cha mtu mwingine. Hakuwa amefikiri kwamba angeweza kugawiwa fungu dogo zaidi katika chombo chake mwenyewe.

USINUNUE RANGI

Neno la mwisho la mzee lilikuwa juu ya ukaguzi, nami nalitoa kwa faida ya kila mnunuzi. Usikikague chombo kikiwa kimetoka kupakwa rangi, kwani rangi mpya ni buibui la kufichia makovu. Kikague kikiwa pwani, kikavu. Kama ni mtumbwi, ugonge kwa kifundo cha kidole kutoka omo hadi tezi: mti mzima hutoa sauti ya kujaa, mti uliooza hulia kama debe tupu. Tazama nyufa za jua, hasa mwisho wa gogo, na viraka vya bati na lami. Kiraka kimoja si aibu, lakini viraka vingi ni historia. Tia maji ndani yake, ungoje, kisha pita chini ukaangalie panapotoka jasho.

Kama ni mashua, choma kisu kidogo penye mkuku na penye mbao za chini. Kisu kikizama kama katika muhogo, rudisha fedha zako mfukoni. Tazama misumari kama imekula kutu. Kisha omba uende nacho safari moja, ukae karibu na ngama, uhesabu ni mara ngapi baharia hufua maji. Na baada ya yote hayo, bakisha fedha za kununulia nanga nzuri, upo wa kufulia maji, na jaketi ya kuokolea kwa kila roho itakayopanda.

Tumesoma chuoni, katika Suratul Kahf, habari ya safina ya maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, ambayo mja mwema aliitoboa makusudi ili isinyakuliwe na mfalme dhalimu. Tundu lile lilikuwa rehema, kwa sababu aliyelitoboa alikuwa na elimu. Sisi hatuna elimu ile. Tundu letu ni tundu, na kuliziba ni juu yetu.

Mpwa wangu hakununua faiba, wala hakuandika deni. Alishirikiana na binamu yake wakanunua mashua iliyokwisha tumika, ya futi 20, yenye mbao nzima na tanga lililochakaa. Tanga wamelishona wenyewe. Kusi ya mwaka huu waliivuta pwani wakaitia kalafati, mzee fundi ameketi kivulini akiwaelekeza kwa kusikiliza mlio wa nyundo. Mashine wanaiwekea akiba kidogo kidogo. Huenda wakachelewa kutajirika. Lakini kila jioni dada yangu akitoka kibarazani kutazama bahari, lile tanga lenye viraka hulijua kwa mbali, naye huingia ndani kupakua chakula.

Nami kwa kuwa mkono wangu haujazoea kuweka kalamu chini bila ya kutunga, namwachia kijana mwingine mwenye bahasha mfukoni ubeti huu mmoja:

Mtaka chombo sikia, yatazame maji kwanza,
Na shehena kupimia, usije ukajiponza,
Fundi akikuambia, neno lake kulitunza,
Bahari haina ndia, ya mjinga kujifunza.